Picha ya Harusi Ina Wenyewe

Weka mezani picha ya maharusi waliosimama Coco Beach jioni: shela jeupe, suti nyeusi, bahari nyuma yao. Wapigapicha wakiizunguka, utasikia mambo mawili. Wapo watakaosema ni kali sana, hongera kaka, kazi imetulia. Wapo watakaosema haina ubora, rangi mbaya, pozi la kizamani. Aliyeipiga atarudi nyumbani ama amevimba kichwa ama amenyong'onyea, na Jumamosi ijayo atapiga picha ileile. Wote wamemweleza wanavyojisikia wao. Hakuna aliyemtajia kilichomo ndani ya picha, kilichotakiwa kiwemo, na jinsi ambavyo kingepatikana kwa saa ile na mahali pale.

Nimekaa kwenye vikao vya kukosoana kwa miaka mingi, mara nikikosoa, mara nikikosolewa, na jambo moja limenikaa moyoni. Picha ya harusi haiwezi kupimwa kama picha iliyopigwa kwa ajili ya maonyesho, kwa sababu ina wenyewe. Imelipiwa, mara nyingi kwa michango ya ndugu na marafiki iliyopita mikononi mwa kamati. Na wenyewe hao ni wengi kuliko wale wawili waliovaa shela na suti: wamo wazazi wa pande zote, shangazi aliyemfunda bibi harusi, nyanya aliyesafirishwa kutoka Songea ili ashuhudie kwa macho yake. Kwa hiyo kabla ya kusema nzuri au mbaya, mkosoaji aulize: picha hii iliagizwa ifanye kazi gani?

Chukua picha ya ukoo jukwaani. Mkosoaji aliyelelewa na albamu za Ulaya ataiona imekaa kama ya darasa: mistari mitatu, mikono imeshuka, kila mtu anatazama kamera. Atashauri watembee, wacheke, wasahau lenzi. Lakini picha ile iliagizwa ionyeshe nani alikuwepo na nani ni nani kwa nani. Baba mkubwa ana mahali pake, mama mzazi ana mahali pake, na wakipangwa kinyume kutakuwa na maneno kwenye kikao cha kuvunja kamati. Makosa yake yapo, ila yanatafutwa kwingine. Mjomba amemezwa na maua ya jukwaa. Shangazi wa mwisho kushoto amevutwa na pembe ya lenzi pana mpaka bega lake limekuwa kubwa kuliko kichwa. Mstari wa nyuma umepoteza fokasi kwa sababu apacha ilifunguliwa hadi f/1.8, kama vile anapigwa mtu mmoja. Anayesema "funga mpaka f/5.6 au f/8, rudi nyuma hatua chache, pandisha ISO bila woga" amemsaidia mwenzake. Anayesema "haina hisia" amemwacha alipokuwa.

Ubishi mkubwa hutokea kwenye picha za wawili, na hapo mkosoaji asiyejua jua letu hana cha kusema. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali sana na hapo. Paji linang'aa, matundu ya macho yanakuwa meusi, kidevu kinatupa kivuli shingoni. Jioni nako jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao mpigapicha wa Uingereza wakati wa kiangazi anaweza kuutumia kwa zaidi ya saa nzima, hapa kwetu ni kama nusu saa tu. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, kisha giza linaingia upesi.

Sasa weka ratiba ya harusi juu ya jua hilo. Ibada ya saa tisa inaanza saa tisa na nusu. Kuna kutia saini, kuna kupongezwa mlangoni, kuna picha na kwaya. Kuna foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Wapambe wana njaa, na MC anapiga simu kwamba wageni wameshakaa. Maharusi wanashuka garini mwanga ukiwa umebaki wa robo saa, upepo wa bahari unalivuta shela, na watoto waliokuja kuogelea wamejipanga kutazama. Mkosoaji asiyeuliza "ulikuwa na dakika ngapi?" anatoa dawa ya mgonjwa mwingine.

Na anayesema "ungeweka jua linalozama majini nyuma yao" hajawahi kupiga pale jioni. Coco Beach inatazama mashariki. Bahari iko upande wa kuchomoza, na jioni jua linajificha nyuma ya miti na majengo ya Oysterbay. Anayetaka jua lizame majini aende Forodhani, Unguja, kunakotazama magharibi. Pale Coco, ukiweka bahari nyuma ya maharusi, jua la jioni linawapiga usoni na wanakunja macho. Ushauri unaofaa mahali hapo ni kuwageuza ubavu, au kusubiri jua lijifiche nyuma ya miti na kutumia anga la magharibi lililobaki, ambalo kwa dakika chache linakuwa taa kubwa na laini kuliko yoyote ya kukodi. Huo ni ushauri ambao mtu anaweza kwenda nao kazini Jumamosi. Mkosoaji mzuri huwa anaijua njia ya kwenda mahali picha ilipopigwa, na kama haijui, anauliza kabla ya kushauri.

Sasa shela na uso. Hapa ndipo kazi zetu nyingi zinapoanguka, na ndipo ukosoaji wetu unapoingiwa woga.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kinadhani kwamba mbele yake, ukijumlisha vyote, kuna kijivu cha kati. Shela jeupe likijaza fremu, kamera inaamua kwamba mwanga umezidi na inaupunguza. Shela linakuwa kijivu, na uso wa bibi harusi, ambao tangu mwanzo ni mweusi kuliko shela, unazama. Wapambe wenye suti nyeusi wakijaza fremu, inafanya kinyume chake. Mkosoaji aliyeiona ile picha ya shela aseme anachokiona: mishono ya shela inasomeka, lakini jicho la kushoto halina nuru na mstari wa taya umepotea. Kisha aseme la kufanya: pima mwanga usoni, angalia shela lisiungue likawa karatasi tupu, na piga faili ghafi badala ya JPEG ili weupe uliokaribia kupotea uweze kurudishwa.

Ngozi nyeusi haiombi mwanga mwingi zaidi. Inaomba mwanga mpana zaidi. Uso mweusi unachongwa na kile kinachoakisiwa juu ya shavu, juu ya paji, juu ya mfupa wa pua. Fleshi ndogo iliyokaa juu ya kamera inatupa doa jeupe kwenye paji na kuacha mengine yote yalivyokuwa. Dirisha kubwa la kanisa, ukuta mweupe wa nje, ukingo wa kivuli penye uwanja uliopigwa na jua, au fleshi hiyohiyo ikigeuziwa ukuta: vyote hivyo vinautandaza mng'ao mpaka uso unapata umbo. Nimeona vijana wakiambiwa "ongeza mwanga" mwaka baada ya mwaka, na mapaji ya maharusi wao yakizidi kuungua, wakati walichohitaji kuambiwa ni wapi pa kuuelekeza mwanga waliokuwa nao.

Tatizo hili lina historia, na mkosoaji anayeijua hatamtwika kijana mzigo wote. Kwa miongo kadhaa Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke wa kizungu. Mafundi walizoea kuziita Shirley. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi ya Shirley, mashine ilihesabiwa iko sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeandika juu ya kadi hizo mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliosababisha filamu zirekebishwe walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Malalamiko ya mbao na chokoleti yalisikika ambako nyuso za watu hazikusikika. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard alipokwenda kufanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi.

Filamu imeondoka, lakini kazi ya Shirley imerithiwa na priseti za kuhariria zinazonunuliwa mtandaoni. Nyingi zimetengenezwa kwa ngozi na anga za kaskazini: kijani kinafifishwa, vivuli vinainuliwa, kahawia inasukumwa kuelekea chungwa. Kwenye ngozi ya mtu wa Mtwara matokeo ni kutu au majivu. Mkosoaji asiishie kusema "priseti mbaya". Afungue picha ya awali pembeni ya iliyohaririwa, aonyeshe kwa kidole shavu lilipobadilika, na aeleze ni rangi ipi iliyosukumwa.

Kuna jambo zito kuliko priseti, nalo ni kuwang'arisha watu. Bibi harusi aliyeingia kanisani akiwa mweusi wa kupendeza anatoka kwenye albamu akiwa maji ya kunde, shingo rangi moja na mikono rangi nyingine. Kwanza mkosoaji awe na haki: wakati mwingine kosa ni la vipodozi. Poda zenye silika hurudisha mwanga wa fleshi na kuufanya uso uwe mweupe kuliko shingo, na hilo linarekebishwa kwa kuzungumza na mpambaji kabla ya siku yenyewe na kupiga picha moja ya fleshi ya kujaribu. Lakini pale ambapo uso umechujwa kwa makusudi kwenye kompyuta, lisemwe waziwazi hata kama chumba kizima kitanyamaza. Mpigapicha atajibu kwamba mteja ndiye aliyetaka. Mwulize aliombwa nini hasa. Mara nyingi mteja amepelekewa picha ya majaribio ambayo uso wake umezama gizani, naye anasema "ning'arishe kidogo". Alichokosa ni mwanga saa ya kupiga. Anauziwa rangi saa ya kuhariri. Mama mzazi anayeitazama albamu ile na kusema "mbona huyu si mwanangu" amekwisha kutoa ukosoaji ambao vikao vingi vya wataalamu vinauogopa.

Ukumbini mambo ni mafupi. Taa za LED za zambarau na bluu haziondolewi usoni kwa kurekebisha mizani ya weupe, kwa sababu rangi nyingine hazikuwemo kwenye mwanga ule tangu mwanzo. Kinachosaidia ni fleshi yako mwenyewe au kumwomba fundi taa akupe dakika mbili za mwanga mweupe wakati wa keki na ndafu. Mistari myeusi inayokata picha kwa upana hutokana na kupepesa kwa taa: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/100 au 1/50 mara nyingi huondoa tatizo hilo. Ni kosa la kiufundi, linasemwa kwa sentensi mbili na kikao kinaendelea.

Miili ndiyo inayohitaji ulimi wenye adabu. Sentensi inayoanza na "bibi harusi ni mnene" haina nafasi kwenye ukosoaji. Yule ni mtu, na hakuletwa mezani ili apimwe. Kilicholetwa ni uamuzi wa mpigapicha: alisimama wapi, kwa urefu gani, na lenzi gani. Ukisimama karibu sana na lenzi ya milimita 24, kilicho mbele kinakua, basi mkono ulio karibu na kamera unakuwa kama si wa mwili ule. Rudi nyuma, weka milimita 85, mgeuze kidogo ubavu, acha nafasi kati ya mkono na kiuno, na gauni litaonekana kama fundi alivyolishona. Haya yote yanasemeka bila kutaja mwili wa mtu. Hali kadhalika kimo: bwana harusi mfupi kuliko mkewe si tatizo la kuficha kwa kumpandisha kwenye jiwe. Mkosoaji aulize kama wao wenyewe walitaka kufichwa.

Na mikono itazamwe kabla ya kitu kingine chochote. Uso unaweza kulazimishwa kutabasamu, vidole vinakataa. Kwenye picha nyingi za wawili nyuso zinacheka huku mkono wa bibi harusi umekunjwa ngumi, au mkono wa bwana harusi umebandikwa kiunoni kwa mkewe kama umekatazwa kugusa. Hapo pozi limeagizwa lakini watu hawajafika. Wengi wa wanaooana kwetu hawajawahi kukumbatiana mbele ya wazazi wao, na sasa mtu wasiyemjua anawaamuru wagusane pua kwa pua huku kamati nzima inatazama. Pozi hilo limetoka kwenye mila nyingine ya mapenzi ya hadharani. Mkosoaji anayejali atashauri wapewe kitu cha kufanya: mke amrekebishie mume tai, mume ashike pindo la shela wapande ngazi, wasemezane sikioni jambo la kwanza walilobishania. Na aulize swali la ukutani: ni ipi kati ya hizi itatundikwa sebuleni, mbele ya baba mkwe, sheikh au mchungaji akija kusalimia? Picha ya busu la mdomoni inaweza kuwa nzuri kwa kila kipimo cha mwanga na umbo, na isitoke kabatini maisha yote.

Hata hivyo, nadhani udhaifu mkubwa wa ukosoaji wetu ni kwamba tunaletewa picha moja. Mpigapicha anachagua ile iliyo bora, tunaizungumzia saa nzima, na makosa makubwa yanabaki kwenye zile ambazo hakuleta, au ambazo hakupiga. Hiyo ni njia ya mashindano. Chama cha Professional Photographers of America, kwa mfano, kimekuwa na vipengele 12 vya kutumiwa na majaji wake, cha kwanza kikiwa jinsi picha inavyomgusa mtazamaji mara anapoiona, na majaji hupima bila kutajiwa jina la aliyeipiga. Kuficha jina ni jambo la kuiga. Linamlinda kijana na linamlinda mkubwa dhidi ya sifa za bure. Lakini harusi haikabidhiwi kama picha moja. Inakabidhiwa kama mamia ya picha, na familia inaisoma yote.

Ukipewa kazi nzima, unaona yasiyoonekana kwenye moja. Unaona kwamba ile mbinu ya kupiga kupitia majani, iliyopendeza kwenye picha ya kwanza, imerudiwa kila mahali kwa sababu mpigapicha hana nyingine. Unaona upande wa bibi harusi umepigwa vizuri na upande wa bwana harusi umepita kama abiria. Unaona baba mzazi ana picha nyingi akihutubia na mama mzazi hana hata moja akiwa peke yake na mwanawe. Unaona nyanya wa Songea hayumo kabisa. Hilo ndilo kosa ambalo hakuna anayeweza kulihariri, na hakuna kikao cha picha moja kitakacholigundua. Mimi sasa, mtu akitaka nimkosoe, namwomba aniletee harusi moja yote kama alivyoikabidhi, pamoja na orodha ya watu ambao familia ilisema ni lazima wapigwe. Kama hakuna orodha, ukosoaji wangu unaanzia hapo.

Wateja wamekuwa wakosoaji tangu zamani, na wakali. Bamako, miaka ya 1960, Malick Sidibé alikuwa akizunguka kwenye sherehe za vijana usiku wa Jumamosi, akirudi studio anasafisha filamu, na siku chache baadaye amebandika nje picha ndogondogo zenye namba ili waliokuwepo wachague za kuagiza. Picha isiyoagizwa na mtu ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Seydou Keïta, aliyemtangulia mjini humohumo, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu karatasi na filamu vilikuwa ghali, kwa hiyo mazungumzo yote kuhusu nguo, mkono uwekwe wapi na uso uelekee wapi yalifanyika kabla ya shata. Kwetu pwani, studio kama Capital Art ya familia ya Oza, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1930, na ile ya Parekh mjini Mombasa, ziliishi kwa mteja aliyerudi kuchukua picha yake na kusema wazi kama ameridhika. Kamera ya dijiti imeyahamishia mazungumzo yale baada ya shata, na mara nyingi hayafanyiki kabisa: mteja anatumiwa kiungo cha kupakulia, anajibu asante, yamekwisha.

Lakini kuridhika kwa mteja hakufungi mjadala. Mteja hajui kwamba dirisha lilikuwa hatua tatu kushoto. Hajui kwamba picha zake zinahifadhiwa kwenye diski moja isiyo na nakala. Anaweza kuridhika kwa sababu hajaona kingine. Mpigapicha anayejikinga na kila neno kwa kusema "maharusi wamependa" amechukua shukrani ya watu waliokuwa na furaha siku hiyo akaifanya cheti cha ufundi.

Kwa anayekosolewa, namna ya kukaa kwenye kiti hicho inaweza kujifunzwa. Liz Lerman, mwandaaji wa dansi wa Marekani, alianza kutengeneza mwaka 1990 utaratibu ambao wengi wa fani nyingine wameuchukua. Watazamaji wanaanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha msanii ndiye anayeuliza. Kisha watazamaji wanamuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwishoni ndipo maoni yanatolewa, na kwa ruhusa: nina maoni kuhusu rangi, ungependa kuyasikia? Ninachokipenda zaidi ni hatua ya pili. Kijana anayekuja na "mnaionaje?" atapewa chochote. Anayekuja na "je, jicho linaenda kwa bibi harusi au kwenye ile taa nyuma?" atapewa jibu.

Ningebadilisha jambo moja ili utaratibu huu ufae kazi yetu. Mpigapicha anyamaze kabisa wakati wenzake wanataja wanachokiona, kwa sababu maelezo yake hayatachapishwa pembeni ya picha kwenye albamu. Kwamba mvua ilinyesha, kwamba padri alikataza kusogea madhabahuni, kwamba mpiga video alisimama mbele yake, hayo familia haitayasoma. Wakishamaliza kutaja, hapo azungumze, na azungumze yote, maana tiba inategemea mazingira. Kama padri alikataza kusogea, jibu ni lenzi ndefu na kikao naye Alhamisi wakati wa mazoezi. Kama mpiga video aliziba, jibu ni kupangana naye kabla ya ibada. Nimeona vikao vikiharibika kwa sababu utetezi ulikuja kwanza na hakuna aliyethubutu tena kusema alichokiona, na nimeona vingine vikiharibika kwa sababu utetezi haukuruhusiwa kabisa na ushauri uliotolewa haukuwezekana popote duniani.

Wakosoaji wawili wakipingana, mpigapicha asitafute wastani. Mmoja anasema mwale wa jua uliopita kwenye lenzi unaharibu, mwingine anasema ndio uhai wa picha. Arudi kwenye swali la kwanza: iliagizwa ifanye nini? Kwenye ukurasa wa kufungulia albamu mwale unaweza kukaa. Kwenye picha pekee ambayo baba anamkabidhi binti yake, mwale unaofunika uso wa baba hauna utetezi.

Limebaki suala la ruhusa. Maharusi waliajiri mpigapicha; hawakuajiri chumba cha watu wa kuwachambua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Kifungu kifupi kwenye mkataba, kinachouliza kama picha zinaweza kuonyeshwa kwa wapigapicha wengine kwa ajili ya kujifunza, kinatosha. Na anayejibu hapana asiombwe mara ya pili. Picha za watoto zibaki nyumbani.

Hili lina uzito wa pekee Unguja, Mombasa na Lamu, kwenye sherehe za wanawake pekee: usiku wa hina, kupamba, bibi harusi akiwa ameketi wazi nywele na mikono mbele ya wanawake wenzake. Mpigapicha ni mwanamke, simu za wageni zinakusanywa mlangoni, na picha zinarudi kwa wenyewe bila kupitia jicho la mwanamume yeyote. Wapigapicha hawa wanafanya kazi kwenye mazingira magumu kuliko yetu sote: chumba kidogo, kitambaa cha dhahabu kinachoakisi kila taa, feni linalopeperusha kila kitu, watu wamebanana. Na ndio wasiopata ukosoaji kabisa, kwa kuwa kazi yao bora haiwezi kutolewa nje. Wanaweza kuanza wenyewe kwa wenyewe, na picha zisizo na uso: mikono yenye hina na piko, sinia za asumini, nguo zilizotandikwa, namna taa ya chumba inavyoanguka juu ya mto usiokaliwa na mtu. Mwanga na fremu vinakosoleka hapo vyote. Kwa zile zenye nyuso, mkosoaji anayefaa ni bibi harusi mwenyewe, miezi michache baada ya shughuli. Aulizwe ni kurasa zipi anazozionyesha kwa wageni, zipi anazozipita haraka na kwa nini, na ni nani alitegemea kumkuta humo akamkosa. Majibu yake yaandikwe, na orodha ya harusi inayofuata ianzie hapo.